Skrini ya hezi 60, 75 au 144 kwa saiba ya Lamu: ipi yafaa?

Kijana wa Langoni
Assalam aleikum jamaa. Nina saiba ndogo (duka la intaneti) hapa Lamu. Mchana ni watu wa huduma za serikali za eCitizen, kodi za KRA na kuchapisha barua, jioni ni vijana na gemu za mpira. Nataka kubadilisha skrini na nimeonyeshwa aina tatu: za mtumba za hezi 60 (yaani picha hubadilishwa mara 60 kwa sekunde) zenye tundu za kebo za VGA na DVI, mpya za hezi 75 zenye HDMI na VGA, na moja ya hezi 144 yenye DisplayPort ambayo bei yake yakaribia mbili za hizo nyengine. Muuzaji asema hezi nyingi ni salama zaidi kwa macho. Ni kweli? Na mtu akiweka hezi zisizoweza skrini, yaungua?

Fundi wa Malindi
Waaleikum salaam. Hilo la macho lilikuwa kweli enzi ya zile skrini nzito za tyubu. Nukta ya tyubu ikishapigwa na mwale huanza kufifia papo hapo, ndiyo maana kwenye hezi 60 ilikuwa ikimetameta na tukaipandisha hadi 85 ndipo kichwa kitulie. Skrini bapa ya leo haina mambo hayo. Nukta hushika rangi yake mpaka iamrishwe ibadilike, kwa hivyo barua ya KRA itatulia kwenye hezi 60 sawa na kwenye 144.

Kinachoweza kumetameta sasa ni taa ya nyuma. Skrini nyengine hupunguza mwangaza kwa kuiwasha na kuizima taa hiyo haraka haraka, na wapo watu huumwa kichwa kwayo. Shusha mwangaza chini kabisa, ielekeze kamera ya simu: ukiona mistari myeusi ikipita, iache dukani.

Kuungua nako ni habari ya tyubu. Ukiilazimisha kasi isiyoimudu, saketi zake zilipata moto zikafa. Skrini bapa kwa kawaida hukuandikia tu kwamba ishara imepita kiwango chake, au huwa giza. Lamu chumvi ya bahari na stima ya kukatika ndizo ziuazo skrini. Pesa ya ziada nunulia kinga ya umeme.

Mla Gemu
Fundi kasema ya barua, mimi niseme ya mpira. Hezi 60 ni picha mpya kila milisekunde 16.7, 75 ni 13.3, 144 ni 6.9. Kutoka 60 hadi 144 utaona wazi mpira ukitiririka. Kutoka 60 hadi 75? Mtu akikwambia ameona, muulize alikuwa akiuza nini.

Lakini skrini haitengenezi picha, hupokea. Kompyuta isiyo na kadi ya grafiki (ya kutengeneza picha) ya maana ikitoa picha 40 kwa sekunde, hiyo 144 yakusaidia nini? Vijana wako wachezea wapi?

Kijana wa Langoni
Kuna mashine ya gemu ya PS4 moja, kompyuta mbili za kawaida tu, hazina kadi.

Mla Gemu
Basi isahau 144 kaka. PS4 haivuki hezi 60.

Mama Kadi
Mwanangu, mimi natengeneza kadi za arusi huku Shela na nimekaa na hezi 60 miaka. Kitu cha kuuliza ni aina ya paneli, yaani kile kioo chenyewe cha picha. Ikiwa IPS, rangi hazigeuki ukiitazama kwa ubavuni. Nyingi za zile 144 za mwanzo zilikuwa TN: ukikaa kando, dhahabu ya maharusi inakuwa kama matope. Na saibani mteja husimama nyuma yako akichungulia, siyo?

Kijana wa Langoni
Husimama, tena wawili watatu! Nimefahamu. Sasa hizo hezi nabadilisha wapi, na skrini ikizima nifanyeje?

Fundi wa Malindi
Bonyeza kulia kwenye desktopu, ingia mipangilio ya skrini, kisha ile ya kina. Utakuta orodha ya hezi. Hiyo yatokana na skrini yenyewe, ambayo huiambia kompyuta kupitia kebo yale inayoyaweza. Chagua ndani ya orodha hiyo tu, na programu za kulazimisha hezi ziachie wenye skrini za kufanyia majaribio.

Ikiwa giza usiguse kitu. Windows husubiri sekunde 15, isipopata jibu hurudi ilikokuwa. Wengi hujiharibia kwa kubofya ovyo kwa haraka, wakakubali wasichokiona. Ikishakwama hivyo, chomeka skrini nyengine au iwashe kompyuta kwa hali salama (Safe Mode), urudishe 60.

Ukiona orodha ni fupi kuliko ulivyoahidiwa, shuku kebo kwanza, hasa vile vigeuzi vya bei rahisi vya HDMI kwenda VGA.

Kijana wa Langoni
Basi nachukua mbili za hezi 75 maana ni mpya na zina HDMI, na ya mtumba moja ya kuchapishia barua.

Mla Gemu
Sawa, ila kabla ya kulipa soma kijitabu chake. Zipo zinazofika 75 kwa HDMI lakini kwa VGA zinasimama 60.

Mama Kadi
Na uiwashe hapo hapo dukani, weka ukurasa mweupe mtupu utafute nukta zilizokufa.