Kiwanja cha kuishi: kienyeji, kuku wa mayai au broila, wepi hawakuletei mtendaji wa mtaa mlangoni?

Fundi_Tofali: Wadau habari zenu. Nipo Dar, kiwanja 20 kwa 20, nyumba imekula sehemu kubwa, nyuma kumebaki kama mita 5 mpaka ukuta wa jirani. Nataka kufuga kidogo tu, mayai ya nyumbani na yakizidi namuuzia mangi hapo dukani. Nipo njia panda: kienyeji 15, au kuku wa mayai 40 kwenye vizimba, au broila (kuku wa nyama) 100 nawatoa kila wiki ya 5 au 6. Hela sio tatizo sana, tatizo sheria, maana mwaka jana nilikuwa na kuku 8 tu na jogoo wao nikaletewa barua, jirani kalalamika, nikaambiwa eneo la makazi mifugo marufuku, nikawauza wote kwa bei ya kutupa. Ni kweli marufuku au niliingizwa mjini?

Karani_Mstaafu: Hiyo "marufuku" ya jumla jumla huwa ni ya mdomoni. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992 ziliruhusu mpaka ng'ombe 4 mjini ilimradi wawe wa kufungia bandani, sasa ng'ombe aruhusiwe kuku akosee wapi? Ila usishangilie mapema. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo zake, wamepewa na ile Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, kwa hiyo ya Ilala si lazima ifanane na ya Kinondoni. Halafu kuna Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, hiyo ndio silaha ya bwana afya, na yeye hahesabu kuku, anaangalia kero: harufu, nzi, maji machafu yanayotiririka kwa mwenzio. Barua yako ilitaja kifungu gani?

Fundi_Tofali: Hakikutajwa chochote mkuu. Ilikuwa mistari mitatu na muhuri.

Karani_Mstaafu: Basi safari hii anzia kwa afisa mifugo wa kata, muombe akuonyeshe sheria ndogo yenyewe uisome kwa macho yako, usisimuliwe.

Mama_Kroila: Mdogo wangu mimi nimefuga zote tatu kwenye kiwanja kama chako nikwambie ukweli. Broila 100 wanatosha mita 10 za mraba, kwenye karatasi inapendeza, ngoja wiki ya nne ifike. Wanakula balaa, wanakunywa maji mara mbili ya chakula, na yote hayo yanatokea nyuma yakiwa majimaji, maranda yanalowa, ile harufu ya kuchoma pua inaanza saa 11 jioni jirani anapoandaa futari yake. Nilihamia kuku wa mayai 30, chini kwenye maranda sio vizimba, na nikajifunza kitu kimoja tu: chota maranda mkononi ufinyange, ukifungua kiganja yakabaki donge ujue maji yamezidi, geuza na uongeze makavu siku hiyohiyo usisubiri kesho. Chombo cha maji kipandishe juu ya tofali kilingane na mgongo wa kuku, hapo wanaacha kumwaga. Jirani yangu alikaa miezi miwili ndio akajua nina kuku, na alijua kwa sababu nilimpelekea trei.

kuku_ni_kuku: Trei la mayai ndio sheria ndogo namba moja 😂😂

Kanjo_Hapendi: Hapa Nairobi angalau iko kwa karatasi, kaunti ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini 2015, ikakubali watu wafuge ila kwa utaratibu na leseni, si kila mtu anajiamulia tu. Lakini ukikaa kwa nyumba ya kupanga hiyo sheria haikusaidii, landlord akisema hapana ni hapana, na caretaker ndiye atakuchoma kwanza. Mwenye aliuliza, hiyo ploti ni yako ama umepanga?

Fundi_Tofali: Yangu mkuu, hati ninayo.

Mswahili_Seattle: Huku Seattle, Marekani, tulipo sisi mambo ni namba tupu. Kuku 8 kwa kiwanja cha kawaida, zamani walikuwa 3 wakapandisha 2010, na banda lisikaribie nyumba ya jirani chini ya futi 10. Jogoo ndio hapana kabisa hata mmoja. Mwanzo nilicheka, kuku bila jogoo inakuwaje, kumbe yai la kula halihitaji jogoo, anahitajika kama unataka vifaranga tu. Sasa angalia kesi yako, kuku 8 ni sawasawa na wangu, kilichokuponza nadhani ni yule anayewika saa 10 usiku.

Mama_Kroila: Huyo kasema. Kienyeji 15 bila jogoo unaweza, ila mayai yenyewe ya kuhesabu, kila mmoja anataga kidogo anaatamia, anakaa huko wiki tatu. Na ukiwafungulia wanaruka ukuta wanaenda kuchakura bustani ya watu, kesi nyingine hiyo. Kwa mita zako 5 kuku wa mayai 20 mpaka 25, usianze na 40. Vizimba sivipendi, kinyesi kinarundikana chini yake, usipotoa kila siku nzi unawafuga na wao. Na chanjo ya kideri (Newcastle) rudia kila miezi mitatu, kuku wakifa mtaani wa kwanza kulaumiwa ni wewe mwenye banda.

Msomi_Uchwara: Mi bado natetea broila, wiki 6 umemaliza unapumzika, jirani anavumilia akijua kuna mwisho. Layers, yaani kuku wa mayai, ni mwaka na nusu mfululizo.

Mama_Kroila: Unapumzika wewe, yeye kashasaini barua.

Fundi_Tofali: Nimewaelewa sana. Jumatatu naenda kata, nikipata hiyo sheria ndogo naipiga picha naweka hapa. Naanza na kuku wa mayai 20, banda nasogeza upande wa ukuta wangu wa jiko niache mita 3 kwa jirani. Dada Mama_Kroila, mbolea unapeleka wapi? Maana hapo sijapanga kabisa.

Mama_Kroila: Wa mchicha wanakuja na viroba vyao wenyewe. Funga kwenye kiroba ikiwa kavu tu, mbichi hawachukui.