Ami yuko dukani Ruwi, amueni haraka

Kikundi: FAMILIA TANGA – DAR – MASKATI

Ami Nassoro: Assalaam alaykum nyote. Niko Ruwi hapa Maskati, duka la kompyuta. Salma yuko wapi? Aliniomba nikipita huku nimwangalizie mausi ya gemu isiyo na waya, nyepesi. Zipo chungu nzima, sijui nishike ipi

Ami Nassoro: [picha]

Ami Nassoro: [picha]

Mama Salma: Waalaykum salaam shemeji, hamjambo huko? Mausi gani tena, si anayo mezani?

Salma: Shikamoo ami! Nipo, nipo! Mama nitakueleza, ngoja kwanza asiondoke dukani

Ami Nassoro: Marahaba mwanangu. Bei ninazoambiwa ni hizi. Logitech G Pro X Superlight riali 36. Superlight 2 riali 58. Razer Viper V3 Pro riali 60. Halafu kuna hii ndogo, jina silijui, boksi limeandikwa gramu 49, riali 12

Mama Salma: Riali 58 ni shilingi ngapi?

Juma Fundi: Inakaribia laki nne mama mdogo

Mama Salma: Laki nne. Ya mausi.

Rashidi: 😂😂😂

Mama Salma: Salma, laki nne unapata mbuzi wawili wa maana hapa Tanga na chenji ya pilau inabaki

Salma: Mama sijasema nachukua hiyo. Nisikilize kidogo. Kwenye CS2, lile gemu langu la kupigana risasi, nacheza DPI 800 (nukta ambazo mausi inahesabu kwa kila inchi) na sensi 1 (kasi ya kugeuka ndani ya gemu). Ukipiga hesabu, kuzunguka mduara mzima kunataka mausi itembee sentimita 52. Mtu akinipiga mgongoni nageuka kwa sentimita 26, mkono mzima kuanzia begani, kisha nainyanyua mausi nairudisha katikati. Mechi nzima ni hivyo, vuta, nyanyua, rudisha. Hii yangu ni nzito

Mama Salma: Si uiongeze kasi, uwe unageuka kwa kidole tu

Salma: Nikiiongeza nalenga kichwa napiga ukuta mama

Rashidi: hata sasa hivi anapiga ukuta

Salma: Rashidi nyamaza. Mama naazima mizani ya keki

Mama Salma: Futa unga kwanza. Na usiitoe jikoni

Salma: [picha]

Salma: Haya oneni. G305 yangu na betri yake, gramu 98. Nimetoa betri, 75. Betri ya AA peke yake 23. Yaani karibu robo ya uzito ni betri, na imekaa nyuma, palepale kiganja kinapolala. Ndiyo maana nikiinyanyua mkia unabaki chini, pua inaangalia juu

Juma Fundi: Si nilikwambia weka betri ya AAA na kile kiadapta cha plastiki?

Salma: Ninacho kaka, nimeweka sasa hivi na betri ya rimoti. Inasoma 89. Ni nafuu kweli, ila AAA haina hata nusu ya chaji ya AA, na ile Superlight niliyoazimwa kule mashindanoni Dar nikilinganisha na hii bado ni mbingu na ardhi

Juma Fundi: Kuna AA za lithiamu, zina gramu 15 hivi. Utaangukia hapohapo kwenye 90. Chini ya hapo kwa G305 uanze kukatakata plastiki

Ami Nassoro: Jamani niko nimesimama. Muuzaji anasema hii ya gramu 49 ndiyo nyepesi kuliko zote na ndiyo rahisi. Sensa PAW3395, DPI 26000. Mbona tusichukue hii tukaenda zetu?

Salma: Sensa yenyewe, yaani jicho la chini linalosoma mwendo, haina neno ami, ni ya kampuni ya PixArt, iko hata kwenye mausi za bei kubwa. Hiyo 26000 ndiyo ya kuuzia. Ukiiweka hapo, mausi ikisogea hata milimita 2 hazijafika, mshale umeshavuka skrini nzima ya laptopu yangu. Hakuna anayecheza hivyo

Juma Fundi: Ami fanya hivi. Ishike mbavuni, kidole gumba upande huu, cha pete upande ule. Ibane kidogo kama unataka kuinyanyua. Halafu itikise karibu na sikio

Ami Nassoro: Ngoja

Ami Nassoro: Inalia kwe kwe. Na nikiibana, kitufe cha ubavuni kinajibonyeza chenyewe

Juma Fundi: Basi irudishe. Gramu wamezitafuta kwa kupunguza unene wa plastiki na kuondoa mbavu za ndani. Kupunguza uzito kuna njia mbili, ama mtu akae achore upya umbo la ndani ili ukuta mwembamba ubebe, ama apunguze tu plastiki. Hiyo ya pili huijui dukani mpaka uibane

Shangazi Tatu: Mimi niliona moja ya mtoto wa jirani imetobolewa matundu mgongo mzima

Salma: Eeh shangazi, zilivuma sana kama 2019, Glorious Model O ilikuwa na gramu 67 kwa sababu ya matundu hayo. Siku hizi zipo mausi zilizozibwa kabisa na zimeshuka chini ya 60

Mama Salma: Yenye matundu isiingie nyumba hii. Nyumba ya unga hii, siku mbili tu mtaikuta imejaa

Rashidi: Ami chukua Viper V3 Pro!! gramu 54 na inaripoti mara 8000 kwa sekunde

Juma Fundi: Rashidi hebu tulia nikuelekeze. Mausi ya kawaida ya gemu inaiambia kompyuta niko wapi mara 1000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde moja. Hiyo ya 8000 ni kila 0.125. Sawa. Skrini ya dada yako inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16 na ushei. Sasa hiyo tofauti ataiona wapi? Juu yake laptopu yake ni ya zamani, prosesa itahangaika kusoma ripoti zote hizo, gemu lianze kukwama. Na betri: Razer wenyewe wanasema saa 95 ukiiacha kwenye 1000, ukipandisha 8000 zinabaki 17

Rashidi: si anaweza kuiacha kwenye 1000

Juma Fundi: Ndiyo, lakini atakuwa amelipia 8000

Salma: Na ping yangu, ule muda wa intaneti kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, jioni inacheza kati ya milisekunde 90 na 200 watu wakianza kutazama tamthilia. Mausi gani itanirudishia hizo?

Salma: Ni mausi nzuri sana ila, sitaki kuidharau. Ila gramu 54 na 60 hivi za Superlight mkononi sizitofautishi. 98 na 60 hata Bibi atazijua akiwa amefumba macho

Bibi: [ujumbe wa sauti 0:41]

Shangazi Tatu: Kwa wasiosikiliza, Bibi anasema Nassoro asisahau udi, na wa safari ile ulikuwa na moshi mwingi

Ami Nassoro: Nimekusikia mama, udi ni kesho inshallah. Sasa tumebaki na hizi Superlight mbili. Naziona sawasawa, tofauti ya riali 22 iko wapi?

Salma: Umbo ni lilelile ami. Ya kwanza ilitoka 2020, ya pili 2023. Ya pili inachaji kwa waya wa USB-C, ya kwanza ni ule waya mdogo wa zamani. Betri ya ile ya kwanza inakaa saa 70, ya ile ya pili 95. Sensa imeongezwa namba ambazo sitazitumia. Na swichi za kubofya ni aina tofauti

Juma Fundi: Hapo kwenye swichi ndipo pa kukaa.

Juma Fundi: Ya kwanza ina swichi za kawaida za kibati. Ndani kuna kibati chembamba cha shaba kinachopiga chini na kurudi. Kikichoka, au kikishika kutu kwa unyevu huu wetu wa pwani, unabofya mara moja kompyuta inasoma mara mbili. Mausi za namna hiyo zimejaa mezani kwangu, za kila kampuni. Superlight 2 na hao Razer wanatumia mwanga, ukibofya mwali unakatika au unapita, kwa hiyo ugonjwa huo hawana. Kwa karatasi ya pili ni bora.

Juma Fundi: LAKINI. Swichi ya kibati ikifa naitoa kwa lehemu, naweka mpya, ni kazi ya saa moja, na swichi naipata hapahapa Kariakoo kwa bei ya soda. Ile ya mwanga ikifa sina pa kuitoa. Itabidi nitafute mausi nyingine mbovu niikate viungo

Salma: Na kuifungua je? Sioni skrubu kwenye picha

Juma Fundi: Zipo chini ya vile vipedi vyeupe vya kutelezea. Unavibandua kwa uangalifu, ukivikunja ununue vingine. Betri ya ndani nayo nishabadilisha

Mama Salma: Waya mdogo wa zamani ni ule wa simu yangu ya kwanza? Uko kwenye droo, na mwingine kwa Shangazi Tatu

Salma: Huohuo mama 😄 Saa 70 nikicheza saa tatu kwa siku ni wiki tatu, sioni nikilia

Mama Salma: SAA TATU KWA SIKU?

Rashidi: 👀

Salma: mfano mama, ni mfano tu

Ami Nassoro: Mkono wako lakini? Nimeishika, mimi inanitosha vizuri, na mimi mkono wangu mkubwa

Salma: Nimepima kwa futi ya cherehani, kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati ni sentimita 17 na nusu. Hiyo mausi ni milimita 125, G305 yangu ni 116. Ingekuwa nalaza kiganja chote ningekataa. Ila mimi nakunja vidole, kiganja kinagusa nyuma tu. Ile ya kuazima ilinikaa vizuri, nilichokosa ni kitufe cha mbele cha ubavuni, kidole gumba kinakifikia kwa shida. Nitakipa kazi ambayo haina haraka

Juma Fundi: Hilo ndilo la kujaribu kabla ya gramu zote hizo. Wangapi wananiletea mausi ya bei mbaya "fundi niuzie hii", haina ubaya wowote, mkono tu haukuipenda

Ami Nassoro: Haya. Sasa nitajuaje si feki? Bei imeshuka mno kulinganisha na ya pili

Juma Fundi: Ni toleo la zamani, kushuka ni kawaida. Ila mwambie afungue boksi mbele yako. Mle ndani uone waya wa kuchajia, risiva ya USB (kile kidude kinachopokea mawimbi ya mausi), kiungio cha kurefushia risiva, stika za kushikia, na kifuniko cha ziada cha chini. Kisha aichomeke kwenye kompyuta yake yenye G HUB, programu ya Logitech wenyewe. Ikiwa halali, programu itaitambua kwa jina na kuonyesha chaji

Salma: Na uzito ami! Wameandika chini ya gramu 63. Ana mizani?

Ami Nassoro: Hana. Lakini mlango wa tatu kuna sonara, tunajuana. Huyu kijana wa duka nakwenda naye

Shangazi Tatu: Nassoro wewe 😂😂😂

Mama Salma: Ama kweli

Ami Nassoro: [picha]

Ami Nassoro: Mizani ya dhahabu imesoma 60.94. Sonara ananiuliza ni ya karati ngapi

Rashidi: 😂😂😂😂😂

Salma: Ami nakupenda. Hiyo ni yenyewe

Ami Nassoro: Tumerudi dukani. Programu imeitambua, jina limetokea, chaji asilimia 70. Nimebofya vitufe vyote, havina sauti mbili. Gurudumu linakwenda kwa vituo, halitelezi

Juma Fundi: Safi. Salma na wewe ukiipata, risiva usiichomeke ubavuni mwa laptopu kwenye tundu lile la buluu ulilozoea kuchomekea diski ya nje. Tundu hilo ni USB 3, linavuruga mawimbi ya redio ya masafa ya GHz 2.4, yaleyale ya mausi. Intel wenyewe waliliandika 2012. Tumia kile kiungio, risiva iwe mezani, shubiri moja kutoka kwenye mausi

Salma: Subiri. Yaani ndiyo maana mshale wangu unarukaruka nikiwa nakopi kadi za harusi kwenye diski?

Juma Fundi: Ndiyo maana. Ulikuja kwangu na mausi nzima nikakwambia hainioneshi kitu, kwangu ulikuwa hukuja na diski

Salma: 🤦🏾‍♀️ miezi yote hii

Mama Salma: Kwa hiyo ya zamani ni nzima? Basi hiyo ni yangu, nitafanyia hesabu za oda. Hii ya mguso inanitesa vidole vikiwa na siagi

Juma Fundi: Nilikuwa na mteja wake mama mdogo…

Mama Salma: Mteja nimeshakuwa mimi

Ami Nassoro: Nyeusi au nyeupe?

Mama Salma: Nyeupe, inapendeza

Salma: Nyeusi ami tafadhali

Ami Nassoro: Nyeusi. Nimemvuta mpaka 33. Nani analipa?

Salma: Mimi ami, pesa za kadi za harusi. Nimemwachia mama tangu jana

Mama Salma: Ninazo. Si laki mbili na kitu tu, nimehesabu. Ukifika Tanga nakukabidhi shemeji

Ami Nassoro: [picha]

Ami Nassoro: Risiti hiyo, waranti mwaka mmoja ila ni ya hukuhuku. Jumamosi natua Dar inshallah

Juma Fundi: Waranti ya hapa ni mimi. Ami iweke kwenye mkoba wa mkononi, si begi la chini, ina betri ya lithiamu

Salma: Ahsante sana ami, Mungu akuzidishie

Rashidi: Ami, kwani hapo dukani kibodi nazo zipo?

Mama Salma: Rashidi.