Wajumbe wa uchaguzi Marekani: sheria ya jimbo inasema Jumatatu, kikao ni Jumanne?

Mwanjelwa_LLB
Wakuu, heshima kwenu. Tuna mdahalo wa katiba hapa Mbeya na wenzetu wa Iringa, mada ni wajumbe wanaompigia kura Rais wa Marekani. Naona sheria za baadhi ya majimbo ziliandika "Jumatatu ya kwanza baada ya Jumatano ya pili ya Desemba", lakini 2024 wamekutana Jumanne tarehe 17. Jimbo lisiporekebisha, ipi inashika?

Kihesa_Juu
Jumanne. Katiba yao, Ibara ya 2, imelipa Bunge la shirikisho mamlaka ya kupanga siku, tena lazima iwe moja nchi nzima. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2022 ndiyo iliyohamisha kikao hadi Jumanne ya kwanza baada ya Jumatano ya pili ya Desemba. Jimbo limebakiziwa mahali pa kukutania na utaratibu wa kujaza nafasi ya mjumbe asiyefika, na hayo yawe yametungiwa sheria kabla ya siku ya uchaguzi. Muswada wa Novemba mwishoni umechelewa.

Kifungu cha zamani ni mtego kwa ofisa anayekisoma peke yake. Akiita wajumbe tarehe 16, kura zimepigwa siku isiyo yake, na mpinzani ameshapata hoja ya Januari 6, siku Bunge la shirikisho linapohesabu kura hizo.

Uyole_Msomi
Naongeza upande wa uandishi wa sheria, maana hapa ndipo watu huteleza. Mwandishi hutazama kalenda ya 2024, anaona tarehe 17 ni Jumanne ya tatu, anaandika "Jumanne ya tatu ya Desemba". 2028 itamkubalia: Jumatano ya pili ni 13, kikao 19. Sasa fungua 2032. Desemba 1 ni Jumatano, ya pili ni tarehe 8, Jumanne inayofuata ni 14. Hiyo ni Jumanne ya PILI! Ya tatu ni 21, wiki nzima baada ya wenzao. Andikeni tu "siku iliyowekwa na sheria ya shirikisho". Ikihama tena, hamrudi bungeni.

Mwanjelwa_LLB
Shukrani mkuu. Kuna tarehe nyingine za kuangalia?

Kihesa_Juu
Kubwa ni hati ya kuwathibitisha wajumbe, ambayo kwa kawaida hutolewa na gavana. Mwisho wake ni siku sita kabla ya kikao. Kwa 2028 uchaguzi ni Novemba 7, hati mwisho Desemba 13: siku 36. Kuhesabu upya kuishie humo, na amri ya mahakama ya kurekebisha hati itoke kabla ya siku ya kikao, kwa hiyo muswada unaogusa siku ya kikao bila kugusa muda wa kesi ni nusu kazi.

Siku yenyewe wajumbe wanasaini hati sita: moja kwa Rais wa Seneti, mbili kwa ofisa mkuu wa uchaguzi wa jimbo, mbili kwa Mtunza Nyaraka wa Taifa, moja kwa jaji wa mahakama ya shirikisho ya eneo hilo. Kura ya Rais na ya Makamu ziorodheshwe mbalimbali.

Wa Iringa wakiwauliza kwa nini kwetu hakuna haya, wapeni Ibara ya 41 ya Katiba yetu: mwenye kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote ndiye Rais.