Msingi kwenye udongo mweusi unaotota maji, Mabogini (Moshi): naomba ushauri

Mtoa mada: Wakuu, salaam. Nina kiwanja Mabogini, si mbali na mashamba ya mpunga, na nakusudia kujenga nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu. Udongo ni mfinyanzi mweusi: wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo kiganja kinapita, na masika buti hubaki kwenye tope. Tulipochimba shimo la majaribio, kwenye kina cha mita moja maji yalianza kuchuruzika kutoka ukutani. Fundi mmoja anashauri tujaze mawe hadi yasizame tena, na mwingine anataka tumwage saruji kavu kwenye mitaro ya msingi. Je, ipi ni njia sahihi, na chokaa inasaidia kama ninavyosikia?

Mhandisi, Arusha: Ndugu yangu, anza na maji. Kwa ukanda huo wa Moshi ya chini usitegemee majira ya mvua peke yake, kwa kuwa maji ya kumwagilia mpunga yanaweza kupandisha maji ya ardhini hata jua likiwa kali. Liache shimo lako, ulifunike vizuri kwa mbao kwa usalama wa watoto, na upime kina cha maji mara kwa mara, mashamba yakiwa yamejazwa na yakiwa makavu. Ukishajua maji yanatoka upande gani, chimba mtaro wa kuyakinga upande huo, uweke bomba lenye matundu lililozungukwa na kokoto na kufunikwa kwa kitambaa cha jiotekstaili ili matope yasizibe, kisha uyaelekeze kwenye mfereji wa chini, si kwa jirani.

Mawe yakitupwa moja kwa moja kwenye tope, tope hupanda katikati yake na unaendelea kununua mawe bila kufika popote. Saruji kavu nayo haichanganyiki na mfinyanzi uliolowa. Hufanya mabonge juu, na chini hali inabaki ileile.

Fundi mwashi, Moshi mjini: Naunga mkono. Nyumba nyingi za huku hazipasuki kwa sababu ya uzito, bali kwa sababu pembe moja imelowa na nyingine imekauka, hivyo udongo unatanuka huku na kusinyaa kule. Nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha ndizo huanza.

Fundi sanifu wa maabara ya udongo: Kuhusu chokaa, ndiyo, inasaidia, na kwa mfinyanzi kwa kawaida ni bora kuliko saruji, kwa sababu hupunguza unato na utanukaji wa udongo na baadaye huugandisha. Kiasi huwa kati ya asilimia 3 na 8 ya uzito wa udongo mkavu, lakini kipimo cha kiwanja chako kitoke maabara. Udongo uvunjwevunjwe, uchanganywe na chokaa, uachwe siku moja hadi tatu, uchanganywe tena, kisha ushindiliwe kwa tabaka za milimita 150. Mchanganyiko ufanyike eneo lote la nyumba na kuzidi kuta kidogo, si kwenye mitaro pekee. Vaeni miwani na glavu. Chokaa isiyozimwa (ambayo bado haijachanganywa na maji) huunguza macho vibaya.

Mtoa mada: Ahsanteni sana. Iwapo mfinyanzi unaishia kwenye mita moja na nusu, si afadhali kuuondoa wote?

Mhandisi, Arusha: Ukiwa mwembamba kiasi hicho, ndiyo, mradi kazi ifanyike maji yakiwa chini. Tandika jiotekstaili, jaza moramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka za milimita 150 na ushindilie kila tabaka kwa kompakta. Usijaze mchanga mtupu, kwani utageuka bwawa chini ya nyumba. Ukiwa mnene zaidi, omba mhandisi aliyesajiliwa akuchoree msingi wa bamba la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima, ili ikisogea isogee pamoja. Migomba na miti inayonywa maji mengi iwe mbali na kuta, na maji ya paa yaingie kwenye tangi au mfereji uliosakafiwa.