Jina la Förster libaki kwenye FRET au litolewe?

Wakuu naomba tujadili hili bila matusi. Theodor Förster, mkemia Mjerumani, mzaliwa wa Frankfurt 1910. Ndo huyu aliyetupa hesabu ya FRET (Förster resonance energy transfer, yaani uhamishaji wa nishati kwa resonansi, F ni jina lake) kwenye makala zake za 1946 na 1948: molekuli ikishapigwa mwanga, kama ina jirani anayefaa karibu, nanomita kama 1 hadi 10 hivi, inamhamishia nishati yake bila hata kutoa mwanga, na umbali ukizidi mara 2 tu kasi ya kuhamisha inashuka mara 64. Ndo maana maabara wanaitumia kama rula kujua protini mbili zimekaribiana kiasi gani, na hata vipimo vingi vya PCR tulivyopimwa kipindi cha korona vinategemea kanuni hiyo.

Sasa shida iko hapa. 1933, mwaka huohuo alopata PhD, akajiunga na chama cha Nazi na SA, kikosi cha wanamgambo wa chama hicho. 1942 akapewa uprofesa Posen, yaani Poznań ya Poland, ambako Wajerumani walishafunga chuo cha wenyeji na 1941 wakafungua cha kwao. Mimi kile kiti cha uprofesa kinaniuma kuliko kadi ya chama, maana kadi wengi walichukua kwa woga au kwa kutafuta ajira ila kiti kile kilikuwa cha watu walofukuzwa kwao. Msimamo wangu: F isomwe fluoresensi (mwanga ambao molekuli inautoa ikishapigwa mwanga) badala ya Förster, wengi wanasoma hivyo tayari.

JIBU: Mkuu uchungu wako naulewa ila umejijibu mwenyewe hapo juu, umesema nishati inahama bila kutoa mwanga, sasa fluoresensi inatoka wapi? Ukimfundisha mwanafunzi hivyo atadhani molekuli ya kwanza inawaka ndo ya pili inameza ule mwanga, na sivyo kabisa. Jina linasema nani alipiga hesabu, basi. Halafu huyu mzee baada ya vita alifundisha Stuttgart toka 1951 hadi alipofariki 1974, na eksima za pyrene (molekuli mbili za kemikali hiyo zinazoshikana kwa muda mfupi moja ikishapigwa mwanga) ni kazi ya maabara yake, huwezi kumfuta.

MLETA MADA: Hapo kwenye fluoresensi umenikamata, naondoa. Ila kumfuta sijasema, vitabuni abaki, na Posen iandikwe palepale. Pia hakuanza yeye, mwanafizikia Jean Perrin wa Ufaransa alishalileta wazo miaka ya 1920 na mwanae Francis akaliendeleza. Na usiniambie enzi zile hakukuwa na njia nyingine, maana kule Leipzig Förster alikuwa msaidizi wa mkemia Karl Friedrich Bonhoeffer, ambaye mdogo wake Dietrich alinyongwa na Wanazi Aprili 1945 kwa kuwapinga. Basi F itoke kabisa, tuseme RET, uhamishaji wa nishati kwa resonansi, wapo wanaoandika hivyo na wanaelewana vizuri tu. Kwenye hilo una pingamizi gani?