Anayeanza kuwinda kanga Iringa afundishwe nini kwanza?

Wakuu, kijana wangu anafuatilia kibali TAWA (mamlaka ya wanyamapori), atatumia bunduki ya marisau, yaani punje ndogo za risasi. Aanzie wapi kwenye usalama?

— Kuikunja ifunguke na kuchungulia mtutu kabla ya kupakia. Kisha asichanganye risasi: ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba kubwa ni nyembamba) ikiingia kwenye mtutu wa geji 12 huteleza ikakwama mbele. Akipakia ya 12 nyuma yake akafyatua, mtutu unapasuka mkononi. Mfukoni saizi moja tu, basi.

— Naongezea, mkuu. Kanga akikimbia ardhini, asifyatue. Marisau namba 6 (saizi ya punje) huua ndani ya mita 35 hivi, ila husafiri zaidi ya 200, na kwenye mahindi kuna watu. Akivuka korongo, atoe risasi kwanza.

— Shukrani. Na matope mtutuni?

— Yaleyale, unapasuka.