Nipeleke ritani ya kodi sasa au ningoje Juni? Ushauri jamani

Ngalawa_Mpya: Assalaam alaykum wanabaraza. Mie na shemegi yangu tuna kampuni ndogo Jambiani, vyumba na kutembeza wageni baharini. Mhasibu kila siku anapiga simu, anataka vitabu vya mwaka jana apeleke ritani, yaani hesabu za kodi ya mapato, TRA. Shemegi anasema mwisho 30 Juni, ya nini kukimbilia? Mie usingizi sina.

BiMkubwa: Waalaykum salaam. Sie tunapeleka Februari. Kaskazi ndiyo mfuko una kitu. Ukingoja Juni masika yashakupitia, wageni hakuna, mishahara unakopa. Na kupeleka mapema si kulipa siku ile ile. Unajua deni lako mapema, mwisho wa kulilipa ni huo huo Juni.

Kipanga: Kodi tu! Leo ZRA ya hapa Zanzibar, kesho TRA ya Muungano. Wazanzibari tunakamuliwa na nchi mbili.

Karani_Mstaafu: Kipanga, ZRA wana VAT na tozo za hoteli. Kodi ya mapato ni ya Muungano. Mtoa mada, zile awamu nne za kodi ya makadirio, za kulipa ndani ya mwaka wenyewe, mlilipa zote?

Ngalawa_Mpya: Nimeuliza ritani, si awamu.

Karani_Mstaafu: Nami nauliza awamu.

Ngalawa_Mpya: Machi na Juni tulilipa. Disemba pesa zilikuwepo, ikatokea mashine ya boti, mtumba, bei ya kutupa. Boti ndiyo inayoleta hiyo kodi yenyewe! Na mhasibu nishamwambia Juni.

Karani_Mstaafu: Haya, kumbe. Riba ya awamu za Septemba na Disemba inatembea tangu tarehe zake, ufungue vitabu usifungue. Mpe mhasibu vitabu kesho, na karatasi za mashine pia, aihesabie uchakavu, kodi ipungue. Kisha andikeni barua kuomba kulipa kidogo kidogo. Barua ya Aprili ina uso kuliko ya Julai.

Mpiga_Pasi: Jirani yangu alihifadhi risiti za mashine ya EFD kwenye kopo, juu ya kabati, chini ya bati. Siku ya kuzitoa ni karatasi nyeupe tupu, wino wote umeliwa na joto. Mafuta ya mwaka mzima hana ushahidi. Pigeni picha, jamani.

Ustadh_K: Deni ni deni, hata la serikali. Muogopeni Mungu.

Kipanga: Ustadh, pikipiki yako ina bima?

Macho_Manne: Subirini. Huyu juzi kwenye uzi wa kuku alisema yuko Wete, anafuga. Leo Jambiani ana boti? Huyu ni ofisa wa kodi, anatutega tujitaje.

BiMkubwa: Yarabi, na mie nishasema Februari!

Kipanga: Wewe ndiye uliye salama bibi. Mie nafuta yangu.

Ngalawa_Mpya: Kuku ni wa mke wangu, kwao Wete. Ofisa gani atakosa usingizi kwa riba?

Macho_Manne: Tuma picha ya mashine basi.

Ngalawa_Mpya: Iko kwa fundi.

Kipanga: 😂😂😂

Karani_Mstaafu: Risiti ya fundi nayo usiitupe.

Mpiga_Pasi: Hao kuku wa Wete, mitetea ipo? Niko Chake.